Hija ya Namugongo

Hija ya Namugongo ni safari ya Wakristo kwenda Namugongo, karibu na Kampala, ambako tarehe 3 Juni 1886 vijana waumini, Wakatoliki kwa Waanglikana, walichomwa moto kwa amri ya Kabaka Mwanga II, yaani mfalme wa Buganda. Mmoja wao, Charles Lwanga, alichomwa peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Ingawa mabasi yapo, mahujaji wengi, wakiwemo Wakenya, bado hutembea kwa siku nyingi wakilala makanisani, na wakifika huchota kwenye madumu maji ya ziwa dogo la hapo. Kwa mfano, Mkenya anayetoka Diani au Msambweni, katika Kwale, huelekea bara hadi mpakani Busia au Malaba.