Mwaka 1956: Franco alikusanywa, na Rureke je?



Mimi ni mtoto wa Masisi. Baba mudogo alikuwa na redio ya kaseti, na kila siku ya Mungu alitupigia Franco mpaka betri zinakufa. Nilipofika Goma kwa masomo, nilifurahi kujua kama kazi ya Franco imekusanywa. Sterns ya London ilitoa Francophonic mwaka 2008, CD mbili za nyimbo za 1953 mpaka 1980. Mwaka 2009 ikaongeza mbili zingine, za 1980 mpaka 1989, mwaka ule Franco alikufa. Leo kijana anaweza kusikia namna gitaa ile ilikomaa, hata kama hakuzaliwa wakati ule.

Sasa tuangalie mwaka mumoja tu: 1956. Huko Léopoldville, Franco na wenzake walianzisha OK Jazz. Mwaka ule ule, huku kwetu Walikale, kwa Wanyanga, muzee She-Karisi Rureke aliimba hadithi ya shujaa Mwindo. Alichukua siku 12. Aliimba, alisimulia, alicheza, alishika kayamba ya kibuyu, na vijana wakapiga fimbo kumufuatisha. Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake waliandika. Kitabu kilitoka 1969 huko Marekani, Biebuyck akiwa pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe.

Wote wawili walikuwa mabingwa. Lakini Franco aliingia studio, sahani zikatengenezwa, watu wakazinunua na kuzitunza, ndiyo maana kulikuwa na kitu cha kukusanya. Rureke alibaki kwa karatasi. Ninashukuru kitabu kile, bila yeye tungekosa hata maneno. Lakini kitabu hakiimbi. Ukikifungua, hausikii sauti yake, wala wale waliomwitikia.

Hilo jambo lilinigusa nyumbani. Tate yangu alikuwa na wimbo wa Kihunde wa kutwanga sombe. Kila likizo nilisema nitamurekodi. Simu nilikuwa nayo mukononi, nilipiga nayo picha za harusi na za mpira. Vita vikamukimbiza kijijini, akafia mbali na shamba lake. Mimi nabakia na mwanzo wa wimbo tu, mwisho sijui. Hapo siwezi kulaumu mukoloni wala serikali. Ni mimi.

Mutu atasema: watu wanakimbia, wewe unaleta nyimbo? Ndiyo, sababu wanakimbia. Kijiji kikitawanyika, waimbaji na waitikiaji hawakutani tena. Nyumba inaweza kujengwa upya. Wimbo aliokufa nao muzee wa mwisho haurudi.

Basi, mbele ya kazi yako ya mwisho wa masomo, fanya kazi hii ndogo. Omba ruhusa kwa muzee. Rekodi wimbo muzima, usikate. Sema kwa sauti jina lake, kijiji, tarehe, luga, na nani alimufundisha. Weka nakala mbili, kwa watu wawili wanaokaa mahali mbalimbali, maana simu inaibiwa.

Franco alipata watu wa kumukusanya London. Wa kwetu wa Masisi na Walikale wako na sisi tu. Likizo hii, anza na wa nyumbani kwako.