Kusoma Ukuta: Makaburi ya Kunduchi na Sheria ya Tarehe

Wahakiki tumezoea kusoma vitabu. Makala haya yanasoma ukuta. Swali letu ni hili: katika sanaa inayokaa hadharani, sheria inalinda nini na inaacha nini?

Tuanzie Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Karibu na pwani pana magofu ya msikiti wa karne ya 16 na makaburi ya nguzo ya karne ya 18. Waashi walipachika sahani na bakuli za Kichina kwenye chokaa, upande wa nje, kila mpita njia azione. Hebu tuangalie fani yake. Chombo cha kulia kimetolewa kwenye mlo, kikapewa kazi ya kutaja hadhi ya marehemu. Udongo ni wa China, lakini maana ni ya Waswahili.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua majengo ya namna hii kwa kuwa yalijengwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga nayo inalindwa ikiwa ilichongwa kabla ya 1940. Yaani kipimo ni umri, si fani wala maudhui.

Sasa je, aliyekuja baadaye? Mnamo 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Kazi zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, humohumo Kinondoni. Naye alifanya kama mwashi wa Kunduchi: alichukua kitu cha matumizi, akakigeuza sanaa, akakiweka njiani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi akafa, wakimdhani mwizi anayetoroka. Jina lake limeenea duniani, lakini kwa kalenda ya sheria kazi zake zilichelewa kuzaliwa. Michoro ya vichwa kwenye vibanda vya vinyozi ndiyo kabisa: ukuta ukipakwa rangi upya, basi.

Watasema, sheria haiwezi kulinda kila mchoro. Kweli. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au kitu kingine chenye umuhimu kuwa cha kulindwa. Kazi kongwe inatetewa na tarehe. Kazi mpya inahitaji hoja. Nani aiandike kama si mhakiki? Tusingoje michoro iwe magofu ndipo tuisome.