Kipande: data iliyovaliwa shingoni

Wiki jana nilidamka saa kumi na moja alfajiri hapa Timboroa, baridi ikinimenya masikio, nikapanda matatu hadi Eldoret kutafuta kitambulisho kingine. Changu kimepotea. Nilipiga foleni tangu asubuhi hadi saa saba, nikafika dirishani, karani akaniuliza: "Nakala ya kitambulisho iko wapi?"

Nikamwambia kimepotea, ndiyo maana nimekuja.

"Basi lete nakala ya hicho kilichopotea. Next!"

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na mfumo ukinigomea hutaka kujua nani aliuandika na alikuwa akimtumikia nani. Kwa huu wa vitambulisho, inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Huku Uasin Gishu Makaburu waliingia na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908. Baadaye reli kutoka Nakuru ikapanda hadi kwetu (stesheni ya Timboroa iko futi 9,001 juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana ya ile baridi) na kufika Eldoret mwaka 1924. Mashamba na reli vyote vilihitaji vibarua. Vibarua nao, kwa mshahara duni na viboko, walikuwa wakitoroka. Serikali ya kikoloni ikajibu kwa karatasi: sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande.

Tukitazame kama hifadhidata. Kuna jina, kabila, wilaya, alama za vidole. Halafu jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kuacha. Alama za vidole zilipangwa kwa mfumo uliobuniwa Bengal, India, miaka ya 1890, unaobeba jina la Edward Henry ingawa hesabu nyingi zilifanywa na wasaidizi wake Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. (Yaani hata enzi hizo bosi ndiye alisifiwa kwa kodi ya wengine!)

Sasa angalia ile tarehe ya kuacha kazi. Aliyeijaza ni mwajiri peke yake. Asiposaini, rekodi haifungwi, na rekodi isipofungwa huajiriwi kwingine. Kibarua akiondoka hivyo hivyo, anaitwa mtoro, jina lake linapelekwa Nairobi, anasakwa, anashtakiwa. Ukikutwa bila kipande, faini au jela. Kwa lugha yetu ya kazi, mwenye data hakuwa na ruhusa ya kuandika chochote ndani yake. Wala si hitilafu. Mfumo ulikuwa ukifanya kazi barabara, kama waliouagiza walivyotaka.

Karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Harry Thuku alipokipinga alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Zaidi ya 20 walikufa.

Mwaka 1947 ikaja sheria mpya: watu wa rangi zote waandikishwe, na alama za vidole watoe wote. Walowezi wakapiga kelele kwamba wanafanywa wahalifu! Ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, na ripoti yake ya 1950 ikapendekeza njia nyingine kwa anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza: picha na saini. Vidole vya Mwafrika vilikuwa vimepakwa wino miaka 30 bila tume yoyote.

Wanawake waliingizwa kwenye vitambulisho mwaka 1978. Kadi za Huduma Namba zilisimamishwa na Mahakama Kuu mwaka 2021, kwa kuwa serikali haikupima kwanza athari zake kwa data za watu. Angalau siku hizi mtu anaweza kushtaki mfumo akashinda.

Jumatatu nashuka tena Eldoret. Nakala nimeipata. Ilikuwa kwenye barua pepe ya 2016, niliyomtumia mwenye nyumba mmoja pale Langas aliyekataa kunipa ufunguo bila hiyo.