Ukuta wa Majirani Wawili

Mji wa London wa zamani ulikuwa mji wa mbao, nyumba zimebanana hata paa la huyu karibu liguse paa la yule. Tangu mwaka wa 1189 palikuwapo agizo la busara: majirani wakipatana kujenga ukuta wa mawe kati yao, kila mmoja atoe futi moja na nusu ya kiwanja chake, ukuta upate unene wa futi 3 na kimo cha futi 16. Lakini mawe yalikuwa ghali, na wengi wakaendelea na mbao. Sidhani maskini alikuwa na la kuchagua.

Basi tarehe 2 Septemba, 1666, moto ulizuka nyumbani kwa mwoka mikate katika kichochoro cha Pudding Lane. Kwa siku nne uliteketeza nyumba zipatazo 13,000. Sheria ya mwaka wa 1667 haikumbembeleza mtu: kuta za nje ziwe za matofali au mawe, na unene wake ukahesabiwa kwa idadi ya matofali. Hata hivyo moto una hila. Ukizuiwa ukutani hupitia paani. Ndipo sheria ya mwaka wa 1707 ikaamuru ukuta wa kati upande inchi 18 juu ya paa.