Televisheni ilifikaje Kanda ya Ziwa?

Msikilizaji, Kenya walianza kuona televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Sisi wa Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994. Ziwa ni moja, kwa nini picha zilichelewa upande wetu?

Haikuwa bahati mbaya

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliamua hivyo. Zanzibar walikwishaanza televisheni mapema miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Bara iliona televisheni ni anasa. Seti ilinunuliwa kwa fedha za kigeni na ilihitaji umeme, na umeme ulikuwa mjini. Redio ilitaka betri tu.

Uamuzi huo ulikuwa na faida yake. Mkulima wa Magu na karani wa Dar es Salaam walisikia taarifa ileile ya Redio Tanzania, kwa saa ileile. Hasara ni kwamba sauti ilikuwa moja tu, ya serikali, na nchi haikujiona kwa macho.

Mlango unafunguliwa

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 iliruhusu watu binafsi kuanzisha vituo. Mwaka 1994 vikaanza CTN, DTV na ITV, vyote Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, ambayo leo ni TBC, ilikuja baada yao.

Kijijini mambo yalikwenda polepole. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ITV ilikuwa na miaka miwili tu. Wengi wa vijijini na visiwani walipata habari za msiba ule kwa redio. Waliotaka kuona picha, hasa mpira, walikwenda kwenye kibanda chenye jenereta na kulipa kiingilio.

Picha husafiri vipi?

Mawimbi ya televisheni huenda karibu moja kwa moja, na dunia ni mviringo. Kwa hiyo mnara mmoja hufika makumi ya kilomita tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 800.

Marekani mwaka 1951 waliunganisha pwani zao mbili kwa minara mingi iliyopokezana picha. Vituo vyetu vilikuta setilaiti ipo tayari. Kituo hurusha picha hadi kwenye setilaiti, kama kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Dishi kubwa la mkoani huipokea, kisha mnara wa hapo huisambaza kwa antena za nyumbani.

Ndiyo maana mlima una maana kubwa. Juu ya maji mawimbi hayazuiwi na kitu, lakini nyuma ya mlima au mawe makubwa kama ya Mwanza, nyumba moja inaona vizuri na ya jirani inaona chenga.

Baadaye Star TV ilianza kurusha matangazo kutoka Mwanza kwenyewe. Kanda ya Ziwa ikawa nayo inaonekana na kusikika nchi nzima.

Dijitali, na mfuko wako

Kuanzia mwisho wa 2012 nchi ilianza kuzima mitambo ya analojia, na zamu ya Mwanza ilifika mwanzoni mwa 2013. Mwenye seti ya zamani alilazimika kununua king'amuzi, la sivyo seti ilibaki pambo la sebuleni.

Somo la minara bado linakuhusu. King'amuzi cha antena hutegemea mnara wa karibu. Cha dishi huchukua moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, hata ukiwa kisiwani Ukerewe. Kabla ya kutoa pesa, waulize majirani wanatumia kipi na kama kinashika. Muulize pia muuzaji ni chaneli zipi zitabaki kifurushi kikiisha.