KAULI YA LUGHA: 'Uti wa mgongo' lina maana mbili, mgonjwa aelewe ipi?

Majuzi shemeji yangu, mzee aliyevunjika nyonga, alikataa katakata kutia sahihi fomu ya upasuaji. "Wanataka kunidunga uti wa mgongo. Si nitapooza, mwalimu?"

Sikumlaumu. Kosa ni letu sisi wanalugha. Kwa Kiswahili, 'uti wa mgongo' ni mifupa, na papo hapo ni ule ugwe wa fahamu uliomo ndani yake. Daktari haulengi ugwe. Kwa mtu mzima, ugwe huishia juu ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu.

Njia hii ina historia ndefu. Agosti 1898, mjini Kiel, Ujerumani, August Bier alitia ganzi mgongoni kwa kokeini. Lakini dozi moja huisha nguvu. Mnamo 1907, Henry Percy Dean wa London alieleza jinsi ya kuiacha sindano mgongoni ili dawa iongezwe. Mnamo 1940, William Lemmon wa Philadelphia akatumia sindano inayopindika, mgonjwa akilazwa juu ya godoro lenye pengo. Hebu fikiria adha hiyo! Ni Edward Tuohy wa Mayo Clinic, mnamo 1944, aliyepitisha mrija mwembamba ndani ya sindano, akaichomoa sindano na kuubakisha mrija.

Faida yake kwa wazee ni kwamba dawa hutiwa kidogo kidogo, hivyo shinikizo la damu haliporomoki ghafla.

Hata hivyo, hofu ya shemeji si upuuzi mtupu. Mnamo 1992, Marekani iliondoa sokoni mirija myembamba kupindukia baada ya wagonjwa kadhaa kuumia mishipa ya fahamu. Dawa ilichuruzika polepole mno, ikatuama mahali pamoja badala ya kuchanganyika na maji.

Basi mgonjwa ana haki ya kuuliza, nasi tuna wajibu wa kumpa maneno ya kuulizia. Napendekeza 'uti wa mgongo' libaki la mifupa, 'ugwe wa mgongo' liwe la fahamu, na njia yenyewe tuiite 'ganzi ya mrija'.

Nilimweleza shemeji hivyo, nikimchorea kwenye bahasha. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo fomu haikuwa imelijibu: "Kumbe nitakuwa macho?"