Volvo V60 ya kuchaji: je, inafaa safari ya Kasese–Bwera?

Volvo V60 Plug-in Hybrid ni stesheni wagoni ya kifahari kutoka Sweden. Ilioneshwa Geneva mwaka 2011 na kuanza kuuzwa 2012, ikiwa ya kwanza duniani kuunganisha injini ya dizeli na betri inayochajiwa kwenye soketi.

Sifa kwa ufupi
Injini: dizeli, silinda 5, lita 2.4, nguvu farasi 215, huendesha magurudumu ya mbele.
Mota ya umeme: nguvu farasi 70, magurudumu ya nyuma.
Betri: lithiamu, kilowati-saa 11.2, kilo 150.
Kuchaji: saa 3.5 kwa ampea 16, saa 7.5 kwa ampea 6.
Umeme pekee: hadi kilomita 50 kwa kipimo cha Ulaya.

Barabarani
Kutoka Kasese hadi Bwera kupitia Kikorongo ni zaidi ya kilomita 50. Hata betri ikijaa, mfanyabiashara atamalizia safari kwa dizeli, na asipopata pa kuchaji Bwera atarudi kwa dizeli vilevile, akibeba betri nzito isiyomsaidia sana. Anayefaidika ni yule anayechaji kila usiku na kufanya mizunguko mifupi mjini.

Kabla ya kununua
Tangu 2018 Uganda imezuia kuingizwa kwa magari yaliyofikisha miaka 15. Matoleo ya kwanza yanakaribia kikomo hicho. Anayelenga wateja wa Kasindi akumbuke kwamba Kongo huendesha upande wa kulia.